Sekenke Haishukwi kwa Nyutro

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na Mama awe amepona kile kifua cha vumbi la kupepeta uwele. Mimi huku Mwanza sijambo. Shangazi ananilisha samaki mpaka nimeota mashavu, ingawa ugali wa mtama sijausahau.

Shule inaendelea vizuri. Darasani bado sisemi. Mwalimu akiuliza naangalia dawati, hata kama jibu ninalo, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Unanijua. Ndiyo maana haya ninayaandika. Mbele yako yasingetoka.

Baba, nimepata mahali pa kuongea. Jumamosi, Shangazi akienda sokoni, napita kwenye duka la intaneti karibu na stendi. Humo kwenye kompyuta kuna baraza la wapenda magari. Ni kama lile benchi la madereva pale Misigiri, ila watu wako nchi mbalimbali na wanabishana kwa kuandika. Kutwa ni dizeli na petroli, au kama mitumba ya Japani imeyaua magari ya Waingereza. Nilipojiandikisha nilijiita Sekenke, kama mlima wetu. Na kwa kuwa naandika kama wewe unavyoongea na mafundi, wananiita Mzee. Mmoja aliniuliza nina wajukuu wangapi. Sikumsahihisha. Nilicheka peke yangu mpaka mwenye duka akanigeukia.

Basi Mama aliponiandikia kwamba kaka Elia alifika Shelui na pikapu yetu, magurudumu yakifuka moshi, na wewe ukasema breki za siku hizi ni karatasi, nikawauliza wale watu. Niliwaeleza yote: pikapu inavyojaa vitunguu na watu juu yake, unavyosimama kileleni, ukavua kofia, ukaomba, halafu ukazima injini na kuliachia gari lishuke kwa nyutro, bila gia, kimya, watu wanasikia upepo tu. Nikaweka na ule msemo wako, "Mungu ameshatoa mteremko, dizeli ya nini?" Niliandika kwa kujivuna, Baba. Nilidhani watasifu.

Kijana mmoja wa Eldoret akanijibu kwa Kiswahili kabisa: "Mzee, hilo ni gari au jeneza?"

Hasira zikanipanda. Nikaandika, "Anayeendesha ni baba yangu. Alishika usukani wewe hujazaliwa."

Akajibu: "Kumbe Mzee naye ana baba! Basi mwambie wakati bado unaye."

Nilitoka dukani bila kuaga. Jumamosi iliyofuata nilirudi, nikakuta wengine wamenieleza bila mzaha. Gari likiwa kwenye gia, injini yenyewe hulizuia. Ukiitoa gia, mzigo wote unaziangukia breki, na zikishapata moto sana unakanyaga pedali na gari halisimami. Injini ikizimwa ni mbaya zaidi, kwa sababu ikiwaka ndiyo inayousaidia mguu wako kukanyaga breki. Bila hiyo utafikiri unakanyaga jiwe. Dereva mmoja wa malori, wa huko kwenye milima ya Ulaya, alisema mlima unaushuka kwa gia ile ile ambayo ungeupandia. Kwa hiyo siyo karatasi, Baba. Ni sisi tunaozichoma.

Nimewaza kwa nini wewe hujawahi kuanguka. Nadhani ni kwa sababu mlima unaujua kona kwa kona, na huna pupa. Elia hayuko hivyo. Kwako amechukua kuzima injini tu, na upepo anaupenda.

Alipopiga simu kwa Shangazi nilimwambia. Akacheka. "Wee Rebeka, usukani umeushika lini?" Nikamwambia breki zitamkataa siku moja. Akasema, "Mbona Baba anafanya hivyo hivyo?"

Ndiyo maana nakuomba wewe. Usimtumie maneno tu. Siku ya mnada wa Shelui panda naye, kaa mbele. Mkifika kileleni ombeni kama kawaida, kisha mwambie aache injini ikiwaka, aingize gia namba mbili, mshuke taratibu, gari linalia mpaka chini. Watu wa juu watasema leo Mzee ameogopa. Waache waseme. Mimi sitaona haya, na unajua mimi ni mtu wa haya.

Nisalimie Mama, na Bibi na mbuzi wake. Msalimie mjomba fundi baiskeli. Wifi yangu, mke wa Elia, mwambie ambusu mtoto kwa niaba yangu, maana bado sijamwona. Elia mwenyewe msalimie pia, ila ajue bado nimemnunia.

Jibu la barua hii usimwachie Mama. Niandikie kwa mkono wako, hata kama ni kwa ukali, uniambie mlishukaje.

Binti yako,
Rebeka