Sanduku la bluu la Mzee Ruhuza

Jumatano, saa mbili asubuhi. Kasulu yote imefunikwa na ukungu, mvua haina dalili ya kuacha.

Saa nne Mzee Ruhuza ataingia humu maktaba. Ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa maktaba za taifa, tena kwa miaka mingi mpaka wengine tulidhani cheo kile alizaliwa nacho. Amestaafu, amerudi kwao Heru Juu, na leo anafuata kitu kimoja tu: sanduku lake la bluu.

Sanduku liko stoo, tupu. Aliyevitoa vilivyokuwemo ni mimi.

Ngoja niandike vizuri, maana nimechoka kulibeba hili peke yangu. Kabla hajawa mkubwa huko Dar, Mzee alikuwa kijana wa maktaba wa huku kwetu. Alifunga vitabu kwenye baiskeli, akapanda na kushuka vilima kutoka Heru Juu mpaka Kibondo, mpaka Kasanda, akiwaazima watu. Kila alikolala aliwaomba wazee wamsimulie hadithi za Kiha, lugha yetu ya huku, akaziandika kwa penseli. Yakawa madaftari kumi na moja. Alipohamishwa aliyaacha hapa, kwenye sanduku la bati lililopakwa rangi ya bluu.

Halafu akapanda vyeo, akawa yule mkurugenzi tuliyemwogopa. Akifika kukagua, hamsalimii mtu kabla hajafungua rejista. Kitabu kisichoandikishwa namba, kwake hakikuwepo duniani. Tulimsengenya sana. Lakini haki yake nampa: bila rejista zile, nusu ya vitabu vyetu leo vingekuwa majumbani kwa wakubwa. Na wale wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wanaosoma Kifaransa walipata vitabu vyao kwa sababu yeye aling'ang'ana mpaka waliokuwa wanamkatalia wakachoka.

Mwezi wangu wa pili kazini ulikuja waraka wenye sahihi yake. Kisicho na namba na kisichoazimwa miaka mingi, kiondolewe. Nilikuwa mgeni, kiherehere tele. Nikafungua sanduku la bluu, nikatafuta namba daftari kwa daftari. Hakuna hata moja.

Nikasoma nusu ukurasa. Ilikuwa hadithi ya mwanamke aliyeificha mvua kwenye chungu, ileile aliyonisimulia bibi yangu nikiwa mdogo. Niliijua! Na bado nikacheka, nikajisemea, Kiha nacho ni cha kuweka maktaba?

Nikampa yote Mama Mwajuma wa sokoni, afungie karanga.

Wiki ileile nilinunua karanga kwake. Nikaifungua karatasi, nikauona mwandiko ule wa penseli, nikala karanga zangu, karatasi nikaitupa. Hili sijawahi kumwambia mtu.

Jana nilimweleza Bwana Hamisi, mkuu wangu wa kazi, lakini habari ya karanga nikaimeza. Akashika kichwa. "Dada Yusta, usijitafutie balaa. Tutasema lilipelekwa makao makuu. Mzee wa watu ataridhika, atakwenda zake." Na mimi, Mungu ananiona, nikasema sawa.

Saa tatu na nusu sasa. Gari lolote likipunguza mwendo nje, nachungulia dirishani.

Saa tisa alasiri. Amekuja, ameondoka.

Amezeeka, jamani. Koti limemmeza. Nilikuwa nimemwekea rejista mezani, safi, nimeifuta vumbi. Hakuigusa. Leo kaanza na salamu, tena ya nyumbani: "Mwakeye!" Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Hakukaa hata kwenye kiti. "Mwanangu, sanduku langu la bluu liko wapi?"

Bwana Hamisi akawahi. "Lilipelekwa makao makuu, Mzee. Zamani kidogo."

Mzee akamtazama kwa upole. "Makao makuu nilikuwepo mimi."

Bwana Hamisi akawa anahesabu vidole vya miguu yake. Nikaona nikinyamaza dakika moja zaidi nitanyamaza mpaka kufa. Nikasema yote. Waraka, Mama Mwajuma, hata zile karanga nilizokula. Nililia, sikuona haya.

Akauliza jambo moja. "Kwa nini?"

"Hayakuwa na namba, Mzee."

Akakaa. Akavua miwani, akaipangusa kwa koti lililolowa, ikazidi kuchafuka. Nilisubiri anitukane. Ningeshukuru angenitukana.

"Namba nilikuwa nazo mimi," akasema. "Rejista ilikuwa mkononi mwangu siku ile naondoka. Niliona haya. Nikasema, wenzangu wa Dar wakija wakakuta Kiha kimeandikishwa kama kitabu, watanicheka."

Kumbe mimi nilicheka, yeye aliogopa kuchekwa.

Nikaomba msamaha, akainua mkono kunizuia. "Usiniharakishe. Nina hasira na wewe, na nina hasira na mimi. Acha niwe nayo." Akanyanyuka taratibu. Mlangoni akageuka. "Kesho asubuhi njoo Heru Juu na daftari. Zile hadithi nilidhani ninazo zote kichwani. Juzi nimejaribu kuzihesabu. Nakumbuka tatu. Labda nne."

Waliomsimulia, hakuna hata mmoja aliye hai. Na bibi yangu naye hayupo. Ile ya chungu mimi najua mwanzo tu. Jinsi mvua ilivyotoka humo sikumbuki, na nimejaribu tangu alipoondoka.

Alipokwenda nilitoa daftari jipya kabatini. Nikafungua rejista, nikaliandikisha namba, nikagonga muhuri kwenye jalada. Bwana Hamisi kaniona. Kaniambia daftari tupu haliandikishwi, kanuni hairuhusu. Ni kweli, hairuhusu. Nikampa muhuri aurudishe kabatini.

Liko hapa mbele yangu. Kurasa zote nyeupe, namba linayo.

Nimeshakubaliana na dereva wa bodaboda, saa kumi na mbili kamili asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe. Zile tatu siziogopi. Hiyo ya nne ndiyo inayoninyima raha: je, ni ya chungu? Na kama ndiyo, kesho ataikumbuka?