Bastola ya Rangi Mbili

Abang, kaa chini kwanza. Kaka yangu Lomenen amejifungia chumbani tangu turudi Lodwar. Anaona aibu hata kwangu.

Ile bastola ndogo ya plastiki aliyonunua kwa mchezo wa kuigiza wa kanisa, aliipaka rangi mbili: mwili mweusi, mtutu na silinda rangi ya fedha. Ile rangi nyekundu ya mdomo wa mtutu, inayoonyesha ni ya kuchezea, akaifunika pia. Ikatoka kama ya kweli. KAMA YA KWELI!

Leo tulipofika Kakuma kwa mazoezi, akamchomolea Nyakuoth, yule mama aliyekimbia vita Sudan Kusini, anayetupikia chai kanisani. Alitaka tu asifiwe. "Mama, ona kazi ya mikono yangu!"

Nyakuoth akajitupa chini, akamfunika bintiye mdogo aliyekuwa kando yake kwa mwili wake. Hakupiga kelele. Aki Abang, hakupiga hata kelele!

Lomenen akaikanyaga palepale ikavunjika, akapiga magoti. "Ni ya kuchezea, mama. Nisamehe."

Nyakuoth akajikung'uta vumbi, akamjibu polepole, "Mimi nimekusamehe. Lakini huyu mtoto alikuwa ameanza kusahau."