Shahida, Leo Tumewaweka Bi Mkubwa na Bi Mdogo Nyumba Moja

Alia ameinua fremu ya mzinga wa nyuki juani, ameitazama upande huu, na ameigeuza upande wa pili. Mimi nimeshika bomba la moshi wa kutuliza nyuki. Dada yangu Sakarbai amesimama nyuma ya uzio, ameubana mtandio puani kana kwamba nyuki wanaingilia hapo. Mwaka umetimia, Mama Alia, tangu siku uliyotuaga, na kumbukumbu yako imetukuta bustanini, vidole vinanata, chai ya saa kumi haijanywewa.

Tulipanga kukuandikia nyumbani, mezani, kwa utaratibu. Lakini wiki nzima ilikuwa mvua na upepo, na leo ndipo jua lilipotoka. Ungekuwepo ungesema, "Baba Alia, maneno baadaye. Kwanza kamtazameni Bi Mkubwa." Kwa hiyo tumeanza na Bi Mkubwa.

Wengine wanaosoma tangazo hili jaridani hawakukujua. Basi tukusimulie wewe mwenyewe, nao wasikilize.

Ulizaliwa Tabora, ambako baba yako alinunua asali na nta kwa watu waliotundika mizinga ya magogo porini. Hapa Toronto ulikaa miaka mingi mapokezini kwa daktari wa meno, na wagonjwa walikupenda kwa sababu uliwauliza habari za nyumbani kabla ya habari za jino. Ulipostaafu hukutaka kupumzika. Ulikwenda maktaba, ukasoma, ukahudhuria mikutano ya wafuga nyuki ukiwa umekaa kiti cha nyuma, kisha ukaomba nafasi kwenye bustani ya jumuiya, ile iliyo chini ya nyaya za umeme nyuma ya maghorofa ya Flemingdon Park.

Mzinga wa kwanza ulikuwa mpole, nyuki wake walikutembelea mkononi na kuondoka. Wa pili ulikuja wenyewe. Ulikuwa kituo cha basi ukaona kundi la nyuki limening'inia kwenye mti, abiria wamerudi nyuma hadi barabarani. Ukaomba kasha la kadibodi dukani, ukalikung'utia kundi ndani, ukafunika kwa shali. Basi lilipofika, dereva alikutazama wewe, akalitazama kasha lililokuwa linavuma, akafunga mlango polepole. Ulirudi nyumbani kwa miguu ukicheka njia nzima.

"Huyu ni Bi Mdogo," ulituambia. "Amekuja bila kualikwa, na ana hasira. Yule mpole ni Bi Mkubwa. Wewe hukuoa mke wa pili, Baba Alia. Sasa utaona wake wenza wanavyokaa."

Nikaona. Bi Mdogo alinidunga sikioni siku hiyohiyo.

Majira ya baridi ya kwanza uliwavisha kama tulivyojivisha sisi mwaka tuliofika: blanketi juu ya blanketi, nailoni juu yake, kamba, na kila tundu ukaliziba. Februari ulipofungua, maji yalikuwa yanadondoka chini ya kifuniko kama sufuria ya pilau, na nusu ya nyuki walikuwa wamelowa na kufa. Ulilia, kisha ukatoboa tundu la hewa juu ya kila mzinga. Tangu hapo, kila familia ngeni ilipohamia jengoni na watoto waliofungwa masweta mpaka mikono haishuki, ulikuwa ukiwaambia akina mama kwenye lifti, "Baridi wataizoea. Waacheni wapumue."

Mwisho wa baridi ndio wakati ulioupenda. Theluji ikiwa bado magotini, ulikuwa unakwenda bustanini, unaweka sikio ubavuni mwa mzinga, unagonga kwa kidole kimoja, unasikiliza wanavyojibu. Unaunyanyua kidogo upande wa nyuma kujua uzito wa asali iliyobaki. Unaondoa nyuki waliokufa mlangoni kwa kijiti, taratibu, kama anayefagia mbele ya mlango wa mgonjwa. Ukiona chakula kimepungua, unaweka sukari nyeupe juu ya fremu, ndani ya karatasi.

Kwa sukari hiyo mligombana na wifi yako majira mazima. Sakarbai alikuletea sukari guru kutoka maduka ya Kihindi ya mtaa wa Gerrard, donge zima.

"Wifi, hiyo nyeupe ni sumu," alisema. "Wape kitu cha asili."

"Kwa chai yako sawa, wifi. Nyuki wakila hii wakati wa baridi wataharisha, na hawana pa kutokea."

"Nyuki wa Tabora walikuwa wanaharisha?"

"Nyuki wa Tabora hawakufungiwa ndani miezi minne."

Hakuamini. Akaamini siku ya Machi yenye jua, nyuki walipotoka kwa mara ya kwanza kujisaidia baada ya kujizuia baridi nzima. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wao na koti lake jipya, jeupe. Ulipokuwa unamfuta yale madoa ya manjano ulimwambia, "Na hawa wamekula nyeupe tu, wifi. Fikiria wangekula yako." Koti hilo analo mpaka leo. Hataki kulipeleka kwa dobi wala kulitupa, na leo amelivaa.

Alia ulimfundisha kazi hii kwa Kiswahili, kwa hiyo mambo mengine yote anayajibu kwa Kiingereza lakini nyuki ni Kiswahili. Mwaka jana kwenye mkutano wa wafuga nyuki alisimama kueleza hali ya mizinga yetu, akasema "majana" mbele ya Wazungu wote, maana neno lao la watoto wa nyuki hakuwahi kulihitaji. Wakaandika. Sasa kuna mzee mmoja wa Scarborough anasema "majana" kila mkutano.

Baridi hii tumefanya yote bila wewe. Tulisikiliza, tukanyanyua, tukafagia, tukaweka nyeupe. Theluji ilipoyeyuka makundi yote mawili yalikuwa hai, na Jemimah, jirani yako wa bustani anayelima sukuma wiki, alitupigia makofi kutoka kwenye matuta yake. Tulitamani sana uone.

Kisha likaja jambo la Bi Mkubwa. Bi Mdogo alikuwa na mayai na majana kila fremu. Kwa Bi Mkubwa hatukuona hata yai moja. Sikutaka kusema malkia amekufa, kwa sababu malkia huweza kujificha na macho yangu si ya kuaminiwa. Kwa hiyo tulifanya ulivyotuonyesha: tukachukua fremu moja yenye mayai kutoka kwa Bi Mdogo, tukaiweka kwa Bi Mkubwa, tukangoja. Wenye malkia wangelea yale mayai kama kawaida. Wasio naye wangeanza kujenga vyumba vya kumlea mpya.

Hiyo ndiyo fremu aliyoinua Alia leo. Ameitazama mpaka nikachoka kushika moshi.

"Baba," amesema, "wamejenga vyumba. Bi Mkubwa hana malkia."

Na mwezi huu nyuki dume hawajazaliwa. Malkia atakayetoka kwenye vyumba hivyo atakosa mume, hatataga kitu. Nyuki wa Bi Mkubwa waliobaki ni wazee wa baridi, watapungua mmoja mmoja mpaka mzinga unyamaze. Njia ni moja, kuwaunganisha na Bi Mdogo. Tukikosea, watauana usiku huohuo, na huenda tukapoteza makundi yote mawili.

Sakarbai amelia kidogo nyuma ya uzio. "Huyu ndiye wa Shahida," amesema. "Yule mwingine ni wa kituo cha basi. Mwacheni huyu amalizike kwake, kwa heshima yake."

"Ni wa Mama ndiyo maana siwezi kuwaacha wafe, Shangazi."

"Umpeleke kwa mke mwenza? Yule mkali?"

Wakaniangalia. Nimegeuza ndoo nikakaa. Mwaka huu kila nilipokuja hapa peke yangu nilikaa upande wa Bi Mkubwa, kwa sababu hapo ndipo ulipokuwa ukikaa, na sikutaka kuja siku moja nikute pale pana nyasi tu. Lakini nyuki wake walikuwa wanatembea kwenye kidole cha Alia, wapole vilevile, wanajenga vyumba visivyo na faida kwa bidii yote. Huwezi kuwatazama wakifanya hivyo ukawaambia basi.

"Tuwaunganishe," nimesema. "Lakini Bi Mkubwa akae ghorofani."

Hilo limemtuliza dada yangu. Mkubwa juu, mdogo chini, inaeleweka.

Sasa ilihitajika karatasi ya gazeti. Kila mzinga una harufu yake, na mgeni huuawa mlangoni. Gazeti likiwekwa kati ya masanduku mawili, nyuki huanza kulitafuna kutoka juu na kutoka chini, na muda wanaolitafuna harufu zinachanganyika. Wakikutana, wameshazoeana. Alia alikuwa na jarida la jamaa zetu wa msikitini kwenye gari. Sakarbai amelinyakua.

"Hili lina Bismillahi ukurasa wa kwanza. Nyuki walitafune?"

"Chukua ukurasa wa pili, Shangazi."

"Tangazo la majlisi. Wa tatu, marhumu. Wa nne, huyu kijana amepata digrii, jina lake Abdallah. Jina la Mungu limo, haiwezekani."

Umecheka, najua. Wewe ndiye uliyekuwa ukiokota vipande vya karatasi njiani kwa sababu hiyohiyo, na droo ya jikoni bado imejaa bahasha za harusi za watu tusiowakumbuka. Tumepekua jarida zima, hakuna ukurasa salama. Karatasi za matangazo ya dukani zina mng'ao, nyuki hawaziwezi. Jua linashuka. Mwishowe Jemimah ametoka kwenye matuta yake na gazeti alilofungia miche, ukurasa wa michezo, hoki tupu. Sakarbai amevaa miwani akasoma majina ya wachezaji wote, kwa sauti, hadi wa akiba.

"Hamna neno," amesema. "Hawa wanaweza kuliwa."

Alia amevunja vile vyumba vya malkia, ili malkia abaki mmoja, akafungua sanduku la Bi Mdogo, akalifunika kwa ukurasa wa hoki na kuupasua mipasuko midogo kwa ncha ya kisu. Mimi na Jemimah tumembeba Bi Mkubwa. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotaraji. Tumemteremsha juu ya karatasi, kifuniko kimerudi, jiwe juu yake. Mvumo wa chini ni mzito, wa juu ni mwembamba, na bado ni miwili. Watalala vipi hatujui. Alia anataka kufungua kuchungulia, nimemkataza, kama ulivyokuwa ukinikataza mimi.

Kwa wenzetu wenye mizinga: tangazo hili lina jina la Mwenyezi Mungu, kwa hiyo halifai kwa kazi hiyo. Lisomeni, mlihifadhi, na mumsomee Shahida Fatiha.

Wanaokukumbuka kwa mapenzi ni mume wako Ghulamabbas. Binti yako Alia na mumewe Rehan. Mwanao Muntazir aliyeko Arusha. Mjukuu wako Narjis. Wifi yako Sakarbai. Jirani yako Jemimah. Na wote uliowaambia kwenye lifti wawaache watoto wapumue. Mwenyezi Mungu akurehemu, akupe makao mema.

Siku zetu zote utakuwa nasi, Mama Alia. Vifaa vimebaki bustanini, na kibao alichokalia Bi Mkubwa hakijasafishwa. Kesho asubuhi nitakwenda kutazama kama kuna vipande vya gazeti vilivyotafunwa vimetupwa mlangoni mwa mzinga.