Salimu na Tope la Mtoni

Dada Mwanaidi, shikamoo. Mimi mzima wa mwili tu.

Picha ya kadi hii ni bandari ya huku kaskazini mwa Uingereza, nilikokwenda juzi kwa basi kutoka Birmingham. Jua unaloliona ni la picha, mvua haikukatika. Bandari yenyewe iko mtoni, mbali na bahari. Zamani meli za mbao na ndizi zilipanga foleni kungoja maji yajae. Siku hizi meli ni za nadra, winchi zimelala, na kazi kubwa iliyobaki ni mtambo wa kuchota tope, maana mto hauachi kulileta.

Mtambo huo ndio uliomwopoa mdogo wetu Salimu, aliyetupotea tangu Ramadhani. Mzee mmoja wa gatini alisema aliteleza kwenye ngazi ya meli aliyoifanyia kazi. Nilimtambua kwa kile kidole kilichokatwa na mnyororo wa tishari la kupakulia meli hapo Tanga. Tumemzika Birmingham, mimi na Wapakistani wa mtaa wetu wa Balsall Heath.

Nimeandika kwenye kadi wazi makusudi. Watu wa posta waisome, wautangazie mtaa, na wanaosema ametorokea kwa Mzungu wafunge midomo. Ila wewe uwahi kwa Rehema kabla yao. Mwambie mumewe hakumwacha. Aanze eda.

Nakubusu mkono,
Abdalla