Njia ya Chakula

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu na za wifi yako. Hujambo? Mama anaendeleaje na miguu yake? Sisi tunasukuma siku, ingawa barua hii nimeianza na kuiacha mara kadhaa. Kila nikikaa, nainuka.

Ulilalamika kwamba nimekonda kana kwamba wifi yako ananinyima chakula. Masikini, anapika, mimi ndiye sikuweza kumeza. Daktari alieleza kwamba njia ya chakula ina mlango pale inapoingia tumboni, na wangu umegoma kufunguka. Chakula kilibaki juu, njia ikatanuka kama soksi iliyochakaa. Nikiinama kumnyoa mteja, chai ya asubuhi inarudi mdomoni. Wateja wakanitania eti nina mimba.

Utani uliisha siku chakula kiliponiingia mapafuni nikiwa nimelala. Nikapata nimonia, nikawekewa oksijeni. Baadaye wakajaribu kuupanua mlango ule kwa puto, ukuta wa njia ukachanika. Maumivu ya kifua yalinikata kauli. Wakanishona haraka, nikapona kidonda, lakini kumeza kukabaki vilevile. Nikawa nalala kitini.

Daktari akasema imebaki kuitoa njia yenyewe na kulivuta tumbo juu lishike nafasi yake. Nikavaa viatu nikaondoka. Wifi yako alinikuta kwenye geti la hospitali, akasema, "Nimechoka kulala nikisikiliza kama bado unapumua. Nenda, lakini usiniite nikutazame ukifa kwa njaa mbele ya sahani."

Tukarudi ndani.

Dada, upasuaji umeshafanyika. Ile safari ya kikazi aliyokuambia wifi yako haikuwapo. Mimi ndiye niliyemwomba aseme hivyo. Baba alikuaga wewe akaingia chumba cha upasuaji, asitoke hai. Nilijua ungekuja kunizuia, na kwa woga niliokuwa nao, ungefaulu.

Sasa niko nyumbani. Nikicheka, mshono unauma. Nakula kidogokidogo, na kila tonge likishuka nalisubiri lirudi. Halirudi. Jana niliomba niongezwe wali. Wifi yako akaenda jikoni kuuchukua, akakawia huko, akarudi na macho mekundu.

Ukikasirika, nikasirikie mimi, yeye mwache. Wasalimie wote wanaoniulizia. Mama naye mwambie taratibu, ukianzia mwisho: kwamba nakula.

Ni mimi mdogo wako,
Kinyozi