Kuku Chini ya Kitanda cha Baba

Boito, Jumatatu 29 Septemba 2025

Baba mpendwa,

Kuku mwekundu yuko hai, na analalia mayai chini ya kitanda chako. Aliyemwona ni jirani yetu Sally, jana jioni, baada ya mimi kumtafuta siku mbili kwenye michai nikidhani ameliwa.

Naona nimeanza na habari kabla ya salamu, unisamehe. Jicho linaendeleaje tangu lipasuliwe huko Kericho? Bado linauma ukiinama? Hapa sote tu wazima, ng'ombe anakamuliwa vizuri, na mvua inanyesha kila siku saa nane kama iliyoajiriwa.

Kuku aliingilia dirishani. Sally anasema amekalia koti lako la kanisa, lililoanguka kutoka kwenye msumari, na mayai ni kumi na moja. Sally ni rika lako na si wa ukoo wetu, kwa hiyo aliingia bila shida. Lakini kesho anakwenda Chebunyo kumsaidia dada yake kuuza ndama, na hajui atarudi lini. Mwanawe Johana anaondoka na pikipiki alfajiri, anarudi giza limeingia. Hapa nyumbani nabaki mimi, na mimi ni mke wa mwanao. Kwa mila zetu siwezi kuingia chumbani kwako.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu mambo ya kitanda chako siwezi kuyatamka kwa mdomo nikikusikia unapumua upande wa pili. Barua anakuletea dereva wa gari la maziwa. Najua mume wangu Mosoti, uliyefikia kwake, ndiye atakayekusomea. Mosoti, usicheke.

Nifanye nini? Nimwite kwa mahindi ahamie jikoni?

Mwanao,
Nelvine


Kericho, Jumatano 1 Oktoba 2025

Mwanangu Nelvine,

Daktari amesema bandeji itakaa wiki tatu na nisisome kitu chochote. Anayeandika ni Mosoti, maneno ni yangu. Amecheka. Natumaini barua hii inakukuta na afya njema na kuni kavu.

Usimhamishe. Mama yako Mongina, mke wangu marehemu, aliwahi kumhamisha mmoja hadi jikoni kwa nia nzuri kabisa, na kuku akayaacha mayai yakapoa. Huyu ndiye wa mwisho wa kuku wake. Ugonjwa wa kideri wa Aprili ulimaliza wengine wote, ulishuhudia. Akiacha mayai haya hakuna tena mbegu ya kuku wa Mongina, hata tukinunua mia sokoni.

Kuhusu chumba, uko sawa, usiingie. Mimi sitakasirika, lakini wewe mwenyewe utashindwa kuniangalia mezani, na hiyo ni hasara kubwa kuliko kuku. Mosoti naye hajavuka mlango huo tangu atahiriwe, kwa hiyo hata nikimtuma hafai. Mtu wa kuingia na kutoka humo apendavyo, hata kuruka juu ya kitanda, ni mjukuu tu, na bado hatuna. Sikulaumu, natoa maelezo.

Chukua ule ufito mrefu tunaoweka juu ya michai ili wachumaji wachume sawasawa. Simama kizingitini. Weka mahindi na maji kwenye vifuniko viwili vya sufuria, uvisukume polepole hadi karibu na kitanda. Atatoka mara moja kwa siku kula. Usimtazame sana, hapendi.

Mosoti anauliza kama unamkumbuka. Nimemwambia aandike barua yake.

Baba yako,
Nyagaka


Boito, Jumatatu 6 Oktoba 2025

Baba mpendwa,

Kitanda chako kiko sebuleni. Nimeamua mimi, na kama kuna kosa ni langu, si la Johana.

Nakusalimu kwa heshima kuliko siku zote. Natumaini umeketi.

Ufito ulifanya kazi hadi Jumamosi. Siku ya kwanza niliangusha maji, ya pili kuku akaudonoa ufito akidhani ni nyoka, ya tatu tukaelewana. Lakini jana, nikitoka kanisani, nilikuta siafu wamepanda ukuta wa nyuma, mstari mnene kama kamba ya ng'ombe, wanaelekea dirisha lako. Unajua siafu hufanya nini kwa kuku aliyelala. Nikachota jivu, nikasimama kizingitini na karai mkononi. Ufito hauwezi kumwaga jivu kumzunguka kuku.

Hapo nikakumbuka mazishi ya Mama. Kitanda kilitolewa nje, na wanawake wote tukaingia chumba hicho, tukafagia, tukalala humo siku nne. Wewe mwenyewe ulituletea chai mlangoni na hukusema neno. Nikaona kinachokatazwa ni kitanda. Kuta hazina neno.

Kwa bahati ilikuwa Jumapili na Johana alikuwa kwao. Kumwaga jivu mara moja angeweza yeye, lakini siafu hurudi, na alfajiri angeondoka tena na pikipiki. Alikuja na ndugu yake. Wakakiinua juu moja kwa moja, kuku akabaki chini yao amekaza macho. Kisha kitanda kikakwama mlangoni. Kumbe hiki cha sasa fundi alikiundia humo humo ndani baada ya mazishi!

Johana akanichungulia kati ya mbao. "Mama, kichwa cha kitanda kiko nje, miguu iko ndani. Sasa unaruhusiwa kuingia nusu?"

"Johana, siafu wako dirishani!"

"Nauliza tu. Nisije nikaitwa na wazee."

Walipong'oa mguu mmoja kikatoka. Niliingia mbio, nikamwaga jivu duara kumzunguka, na dirishani, na chini ya ukuta. Wale waliokwisha kuingia niliwaponda kwa kiatu cha gambuti. Waliobaki walizunguka, wakashukia kwenye michai. Kuku hakusimama hata mara moja. Alinidonoa mkono, nina alama.

Mayai yote yapo. Nasubiri neno lako.

Mwanao,
Nelvine


Kericho, Alhamisi 9 Oktoba 2025

Mwanangu Nelvine,

Umefanya sawa. Neno hilo nimeliweka mbele ili usisome barua yote ukitetemeka.

Jicho linaendelea vizuri, isipokuwa nilicheka na muuguzi akanigombeza. Swali la Johana nimelipeleka kwa wazee wenzangu wawili ninaokutana nao kliniki, mmoja wa Nyamira na mmoja wa Kabianga. Wamebishana asubuhi nzima. Wa Nyamira anasema miguu ikiwa ndani, kitanda kiko ndani. Wa Kabianga anasema mtu hulaza kichwa kwanza. Tumeahirisha.

Chumba sasa ni cha kuku. Wewe ingia, mlishe, fagia. Nikirudi nitalala sebuleni hadi vifaranga waweze kutoka nje. Koti la kanisa usilivute. Mungu ameniona nikiwa na mavazi mabaya zaidi.

Mosoti anakuuliza kwa nini siku hizi simu zako ni fupi. Anasema unamficha kitu. Nimemwambia labda umechoka na kuku.

Baba yako,
Nyagaka


Boito, Jumatatu 20 Oktoba 2025

Baba mpendwa,

Vifaranga ni tisa. Sally ndiye aliyewahesabu, maana amerudi kutoka Chebunyo na hakukubali hesabu yangu.

Unaendeleaje, wewe na jicho? Sisi tumejaa kelele. Wawili wa kwanza walitoka juzi, wengine jana tukiwa kanisani. Mayai mawili hayakuwa na kitu. Watano ni wekundu kama mama yao, mmoja ni mweusi na ana kiburi. Leo amepita chini ya mlango hadi sebuleni, akajaribu kupanda kitanda chako. Koti halitafaa tena kanisani, nakwambia ukweli.

Sally amewaangalia, akasema, "Mongina angewapa wote majina kabla ya chakula cha mchana." Nimeanza. Mweusi anaitwa Johana.

Sasa mahali hapa Mosoti asome polepole, na kama amesimama, aketi.

Ulisema kwamba wa kuingia chumbani humo apendavyo ni mjukuu tu, na kwamba bado hatuna. Ijumaa nilikwenda kliniki. Wameandika Mei.

Mosoti, nimekunyima habari hii kwa simu makusudi. Ungepiga kelele karibu na mashine za kiwanda unakofanya kazi na ungeumia. Nilitaka uwe umeketi karibu na Baba.

Mwanao,
Nelvine


Kericho, Jumatano 22 Oktoba 2025

Mwanangu Nelvine,

Mosoti hakumaliza kuisoma barua yako. Anayeandika leo ni mimi kwa mkono wangu, vumilia mistari inayopanda mlima.

Salamu nyingi, na uketi wewe pia, usibebe maji. Bandeji ilitolewa jana asubuhi. Barua yako ikafika jioni, na daktari alikuwa ameniambia nisome kidogo kidogo tu, kwa hiyo nikamwachia Mosoti kama kawaida. Akafika kwenye neno "kliniki", akakomea hapo. Nikamwuliza, "Na wewe umeishiwa na macho?" Aliweka karatasi mezani, akatoka nje bila viatu, akaenda kumwambia jirani yetu Apiyo. Mama huyo alipomwona hivyo alidhani nimekufa, akaja mbio na leso kichwani, akanikuta nakunywa chai.

Nilikuwa nimebaki na barua ambayo haijaisha. Nikaipeleka dirishani, nikafunika jicho zima, nikaimalizia kwa lile lililopasuliwa. Ndicho kitu cha kwanza lilichosoma. Linaona vizuri sana.

Jumamosi tarehe 25 tutafika na gari la saa nne, mimi na Mosoti. Kitanda kibaki sebuleni kama tulivyokubaliana. Nimenunua misumari hapa mjini. Komeo la mlango wa chumba changu liko juu, Mongina aliliweka huko kuzuia mbuzi. Jumatatu nitalishusha liwe usawa wa goti, mkono mdogo ulifikie. Najua ni mapema.

Babu yake,
Nyagaka