Balon ya Kila Juma

Yaya Zorobabel, kaka yangu mukubwa,

Nakusalimia toka Butembo. Mvula inanyesha, maharagi ni mingi. Picha yako ilifika: wewe na balon nyeupe, ile puto kubwa ya kupandisha vipimo juu, ku kisiwa katikati ya bahari. Mama aliionyeshaka bantu ku kanisa: «Mutoto yangu anapimaka ozone, ile hewa ya kule juu yenye kutukinga na jua.»

Mama tulimuzika siku ya ine ya juma. Wewe uliandika hauwezi kuja, sababu balon inaruka kila juma, na juma moja ikikosa, kazi ya miaka mingi inabakia na shimo. Sawa. Lakini mama mudogo Godelive alitoka Beni, akapita ile barabara kwenye banauaka bantu, akafika.

Pasteur wa kanisa akaita mutoto mwanaume wa kwanza atupe udongo. Bantu bote bakageuka kuangalia nyuma, kama vile ungetokea. Hakuna mutu. Nikatupa mimi, mwanamuke. Baba badogo bakaguna.

Usikuje kumaliza matanga. Rusha balon yako. Lakini siku batoto bako batauliza nani alizika mama yako, usibadanganye. Utaje jina yangu.

Rébecca